Mteja Wangu ni Mama Yako

Rukia, ndugu yangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika "habari za huko", nikaona haya, nikaichana. Sijui mtu aliyetangulia anasalimiwaje. Sisi wa Iringa tungesema kamwene, na wewe ungeitikia kwa lafudhi ya nyumba yenu ya watu wa pwani mpaka nicheke. Leo nikisema hakuna wa kuitika. Basi ngoja nikueleze tu yaliyotokea, maana hakuna mwingine ninayeweza kumweleza yote.

Ofisi ipo palepale Mwanjelwa, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele vilevile mpaka tusubiri ipite ndipo tuongee. Nimeandika "tusubiri". Unaona? Niko peke yangu, lakini mkono haujazoea.

Ukuta wa karibu na dirisha nimeupaka rangi. Palikuwa na alama ya mafuta pale ulipozoea kuegemeza kichwa ukiongea na simu. Nilidhani nikiifuta nitaweza kufanya kazi bila kugeukageuka. Nilipomaliza kupaka nilikaa sakafuni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeifuta kweli.

Wiki za mwanzo wateja walipiga simu wakisema, "Naomba dada Rukia." Niliwajibu, "Hayupo." Wengine wakauliza unarudi saa ngapi. Sikukusudia kuwadanganya, mdomo ndio ulikataa. Bwana mmoja wa vibao akasema, "Basi nitapiga kesho." Nikamwambia, "Haya, piga." Nikakata simu, nikalaza kichwa mezani.

Unakumbuka siku tuliyojuana? Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Dar es Salaam na cheti changu cha usanifu wa michoro, nimekibeba kama mtoto mchanga. Wewe uliishia kidato cha nne, ukarithi duka la kanga la marehemu baba yako. Niliingia kumnunulia mama yangu doti moja. Muuzaji mwingine angeniuliza rangi. Wewe uliniuliza, "Unataka kumwambia nini?" Nikaigeuza kanga mkononi. Ukasema, "Mtu hanunui kanga, dada. Ananunua maneno ambayo ameshindwa kuyasema kwa mdomo." Nilikaa dukani mwako mpaka mchana. Nikakueleza kwamba nachora nembo na vibao, lakini wateja wananikimbia.

"Wanakimbia nini?"

"Sijui. Nawaeleza vizuri tu."

"Hebu nieleze mimi, nijifanye mteja."

Nikakueleza: ubunifu, dhana, uwiano wa rangi, utambulisho wa biashara. Ukapiga miayo waziwazi, hata mkono hukuweka mdomoni. "Debo," ukasema, na ndiyo mara ya kwanza mtu kunikata jina namna hiyo, "ukimwambia mtu kwamba wewe ni mbunifu, unamwambia kwamba yeye siye. Na duka ni lake, jasho ni lake, usingizi anaokosa ni wake. Atakubalije?"

Tukaanza ofisi. Mimi nachora, wewe unaongea. Neno ubunifu ulilipiga marufuku mbele ya wateja. Ulikuwa unamkaribisha mtu chai ya tangawizi, unamwacha apoe, halafu unamuuliza habari za kazi yake mpaka anasahau kwamba alikuja kwa ajili ya kibao. Yule fundi viatu aliyetaka tumchoree ndege, mimi niliguna. Ndege kwenye kibao cha viatu! Wewe ukamuuliza, "Ndege ya nini, kaka?" Kumbe kuna msafiri wa Zambia aliyenunua kandambili zake, akarudi baada ya mwaka bado amezivaa. Alitaka watu wajue kwamba viatu vyake vinafika mbali, ila hakujua kulisema hilo. Tukamchorea barabara ndefu yenye nyayo, akaikumbatia ile karatasi.

Na ile nyingine uliyonifundisha. Mimi nilikuwa nawakasirikia wateja wanaosema "weka kubwa, ongeza ukubwa." Ukaniambia, "Haongelei ukubwa huyo. Anasema anaogopa hataonekana. Muulize anaogopa nini, halafu chora hicho."

Nilikuwa nakusikia, Rukia. Lakini sasa nakiri jambo ambalo sikuwahi kukwambia. Nilikuwa na wivu. Kazi ikitoka nzuri wateja walisema, "Dada Rukia ametuchorea vizuri." Mimi niliyekesha na mistari ile nilikuwa nimekaa nyuma ya kompyuta, nikipewa mkono mwishoni kama mpishi anayeitwa kusalimia wageni. Wewe ulinitaja kila mara. "Mchoraji ni huyu," ulikuwa unasema. Haikunitosha. Chuki ya namna ile huanza ndogo, kama mchwa, huisikii ikitafuna.

Ndiyo ikatoka siku ile Mafinga.

Nimeikumbuka mara nyingi mpaka naogopa nimeichakaza. Karakana ya Mzee Lusungu, yule wa milango na vitanda. Harufu ya paina mbichi, vumbi la mbao limetanda hewani. Nilikuwa nimemchorea nembo kwa wiki tatu: miduara ya ndani ya gogo, myembamba, imepangika. Naapa ilikuwa nzuri. Mzee akaishika kwa mbali, akafinya macho, akauliza, "Mwanangu, hii ni shabaha ya mishale?" Ukacheka. Mafundi wake nao wakacheka. Halafu ukavuta kigoda, ukamuuliza nani alimfundisha kazi. Akaanza kukusimulia habari za baba yake, jinsi walivyokuwa wakipasua magogo kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu, mmoja shimoni, na yeye akiwa ndiye wa shimoni, unga wa mbao unamwingia machoni. Mlikaa saa nzima. Mimi nimesimama na miduara yangu.

Ukanigeukia, macho yanang'aa. "Debo, miduara tuiache. Tuweke msumeno wa watu wawili."

Nikasema. Mbele ya mzee, mbele ya mafundi wake wote. "Rukia, wewe si mbunifu. Wewe ni muuza kanga. Kazi yako ni maneno tu."

Aliyekuwa anapiga randa aliacha. Wewe uliurekebisha mtandio wako, taratibu, kama vile upepo ndio ulioutoa mahali pake. Ukasema, "Ni kweli. Kanga nimeuza sana." Nikatoka peke yangu kwenda stendi. Ulinifuata baada ya muda mrefu. Ndani ya basi ulikaa dirishani, mkoba umeupakata kwa mikono miwili, na kutoka Mafinga mpaka Mbeya hatukusemezana. Nilidhani umenuna. Nikajiambia, mwache anune, atajua na mimi nina thamani.

Mama yako ndiye aliyeniambia baada ya mazishi. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na karatasi ya majibu ya hospitali. Uliyapokea siku moja kabla. Ini lako lilikuwa limekwisha kuharibika. Ulipanga kuniambia siku ile, tukitoka kwa Mzee Lusungu, kwa sababu ulitaka kwanza tumalize kazi kwa furaha.

Rukia. Ungenipiga tu. Ungenitukana humo humo ndani ya basi.

Wiki mbili baadaye ukalazwa, nikawa nakuja kila siku na chupa ya uji. Uliniambia ugonjwa, hukuniambia tangu lini. Neno "nisamehe" lilikuwa mdomoni mwangu kila nilipopanda ngazi za wodi. Lakini niliwaza: watu huombana msamaha mmoja anapoondoka. Nikilisema, utajua kwamba nimekata tamaa. Basi nikakusimulia habari za mvua, za baridi, za paka wa dukani chini aliyezaa kwenye boksi la misumari. Habari ya paka ilikuchekesha. Jumanne ile ukanishika kifundo cha mkono, vidole vyako vikavu, ukasema, "Debo, usiponiona ofisini usiwe unanyamaza mbele ya wateja. Waulize."

Nikajibu, "Utawauliza mwenyewe."

Ukageukia ukutani. Ijumaa tulikuzika. Ulikuwa unaniaga, na mimi nikakufungia mlango usoni kwa sababu ya woga wangu. Hilo ndilo linaloniamsha. Yale ya Mafinga yalikuwa hasira. Haya ya wodini sina jina la kuyapa.

Nikarudi kazini kwa kuwa ofisi haikujua kulia. Kulikuwa na wale akina mama wa Madibira, kikundi cha mpunga, waliotaka mfuko wa kufungashia mchele wao. Wewe ulikuwa umekwenda kwao mara moja. Nikaenda na kompyuta yangu. Walinikalisha ghalani juu ya magunia, wao kama kumi na tano hivi, nikawaonyesha picha. Nikaongea, Rukia! Nilisema ubunifu labda mara ishirini. Nilisema utambulisho, nilisema soko la kisasa. Nilijisikia nikiongea kama redio iliyosahauliwa imewashwa kwenye nyumba isiyo na watu.

Nilipomaliza, mwenyekiti wao, Mama Anyesi, akasema kwa upole, "Mwanangu, umesoma, tumeona. Ila mwenzio alipokuja alituomba kwanza tumpikie mchele wenyewe. Akala, akatuuliza kwa nini shambani huwa hatuimbi wakati wa kupura. Yuko wapi siku hizi?"

Miezi miwili ilikuwa imepita, na sikuwahi kulitamka. Nikasema, "Mama, Rukia amefariki."

Kompyuta ilizimwa na nani sijui. Walinizunguka, mmoja akanivua viatu, mwingine akaleta maji ya kunawa uso. Nililia ghalani mwa watu wasionijua mpaka jua likapinda. Wakapika, wakanilisha. Nikaondoka bila kazi na bila kuwauliza swali hata moja. Sijarudi mpaka leo. Nilishindwa.

Baada ya hapo nikafikiria kufunga ofisi. Nilikwishaongea na baba mwenye nyumba, na mabango nikayateremsha. Halafu asubuhi moja nikasikia mtu anapanda ngazi polepole, anapapasa ukuta. Mama yako. Alikuja kwa bodaboda, peke yake, macho yale yenye ukungu. Nikamkimbilia kumsaidia, akaukataa mkono. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akaweka kipochi chake mapajani, akasema, "Leo sikuja kama mama. Nimekuja kama mteja."

Alitaka kibao cha kaburi lako.

Nilifanya kazi wiki nzima, Rukia, sijawahi kuchora vile. Michoro mitatu. Mmoja niliuzungushia pindo kama la kanga, maua madogo madogo, kila ua nililitazama kwa kioo cha kukuzia. Mwingine niliweka mwezi mwandamo na jina lako kwa herufi nyembamba zilizolala. Nikamwita mama. Akauchukua wa kwanza, akaupitisha kiganja juu yake, kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia.

"Mwanangu, kwenye karatasi hii mna nini?"

Nikaanza, "Mama, hapa nimetumia dhana ya..."

Nikanyamaza. Niliisikia sauti yangu, ile ya ghalani. Mbele yangu amekaa mama aliyemzika bintiye, na mimi namweleza dhana. Akasaidia kunivusha. "Mimi ninataka herufi kubwa," akasema. "Kubwa sana."

Miaka yote neno hilo lilikuwa linaniudhi. Nikaiacha karatasi, nikasogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana. Nikamuuliza, "Mama, ukienda pale, unaogopa nini?"

Aliizungusha ncha ya kanga yake kidoleni. Halafu akasema, "Naogopa kumpotea. Makaburi yameongezeka, na mimi sioni. Mjomba wake hapendi wanawake tuende kule, kwa hiyo sina wa kunipeleka, najiendea. Ijumaa iliyopita nimekaa nimemsomea Yasini mwanangu, nimemwambia habari zote za nyumbani, nimelia. Kijana wa pale akaja akaniambia, bibi, hapo amelala mwanaume." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nimemkosa mwanangu, Debora. Nimemkosa hai, na sasa namkosa hata kwenye udongo."

Tulilia wote wawili. Lakini nikajua cha kuchora. Hakikuwa cha macho.

Nikachukua udongo wa mfinyanzi, nikachimba herufi za jina lako moja moja, nikafumba macho nikazipapasa. Mikia yote ya mapambo niliyoizoea niliiondoa, maana vidole vinapotea humo. Nikaziachanisha. Nikamletea mama, akazipitia kwa kidole cha shahada, akasema ile ya tatu haieleweki, inafanana na ya kwanza. Nikairekebisha K. Mara nne aliirudisha, na mara zote nne alikuwa sahihi. Nikamuuliza kama tuongeze jina la baba yako. Akasema, "Wanaomjua kwa baba yake wana macho. Mimi niwekee Rukia, inatosha."

Mbao nilizifuata Mafinga. Hakuna mwingine ninayemjua anayechonga kwa kina vile. Nilifika kwa Mzee Lusungu nimeinamisha kichwa. Juu ya lango lake kuna kibao kipya: msumeno wa watu wawili. Ulimchorea wewe mwenyewe kwa kalamu ya mkaa siku ile, mistari imepinda, akampa fundi akaichonga hivyo hivyo. Ni kibao kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Nikamwambia shida yangu. Akasema paina hapana, mchwa wataimaliza kabla ya masika ya pili, akaenda stoo mwenyewe kunichagulia kipande cha mninga.

Wakati anakipima ndipo akasema, bila kunitazama, "Mwenzio siku ile, ulipotoka, nilimwambia aachane na wewe. Nikamwambia, huyo anakudharau, nitakupa kazi wewe peke yako. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mzee, mimi nafungua mlango tu. Anayeingia ndani akakuta kitu ni yule. Mvumilie, ana uchungu wa watu wanaojua kazi yao na hawaonekani.'"

Ulikuwa unajua. Siku zote ulikuwa unajua nilichokuwa nakiogopa, na hukuwahi kunidhalilisha kwa kuniuliza mbele ya watu.

Nikawaomba mafundi wake wazime mashine. Walikuwa walewale. Nikasimama katikati ya vumbi lile kama mtoto wa kipaimara, nikasema, "Siku ile nilisema hapa kwamba Rukia si mbunifu. Nilisema uongo. Yeye alikuwa mbunifu, na mimi nilikuwa mchoraji wake." Kosa nililitenda hadharani, nikaona toba nayo iwe hadharani. Yule wa randa alivua kofia. Nimechelewa, najua. Nimechelewa kwa kiasi ambacho hakuna namna ya kukirudisha.

Kibao tulikisimamisha juzi. Mjomba alikuja, akakipigilia mwenyewe, akasema, "Sawa, ni kazi ya adabu." Halafu mama akatuomba tubaki langoni. Akaenda peke yake. Tulimwona akigusa kibao cha kwanza, akaendelea, cha pili, akaendelea. Vile vya rangi ya kupakwa havimwambii kitu. Alipofika kwako akasimama. Mkono ukaingia kwenye R, ukashuka, ukapita herufi zote mpaka ya mwisho, ukarudi mwanzo. Akakaa chini. Kutoka langoni tulimsikia akisema, kama mtu aliyeingia nyumbani akakuta mtoto wake jikoni, "Kumbe uko hapa."

Mjomba aligeuka akatazama barabarani. Mimi nilikaa kwenye jiwe.

Ofisi siifungi, Rukia. Jumatatu naenda Madibira. Nitamwomba Mama Anyesi anipikie, na nitakula kwanza. Wakinikataa, watakuwa wamenikataa wakinijua.

Na kuna hili la mwisho. Mama ana mtoto wa jicho, na daktari alikwisha kusema anaweza kutibika. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda miaka yote hii, akasema, "Rukia aliniambia tusubiri apate nafasi, atanipeleka mwenyewe." Basi nimempangia. Mwezi ujao nitampeleka mimi, nitalala naye wodini, nitamshika mkono. Siku watakayomfungua bandeji atafumbua macho akitafuta uso wako, na atauona wangu. Naiogopa siku hiyo kuliko ninavyoweza kukwambia. Lakini sitatazama pembeni. Nakuahidi.

Mimi ni Mlutheri, dua zenu sizijui zote. Mama amenifundisha moja fupi, naisema nikikosea matamshi, najua ungenirekebisha. Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Nisamehe.

Debo